Mzani umeganda 94

(Hiki ndo nilichoongea Jumamosi kwenye kikoba chetu. Wengi waliokosa waliomba niandike, nimeandika kama nilivyosema, maneno mawili matatu tu nimeyatoa maana kuna watoto wanasoma.)

Assalaam aleikum jamani, Bwana asifiwe, na wale wa habari za mchana tu, habari zenu. Mwenyekiti kaniambia nna dakika ishirini. Mimi ni fundi cherehani mama, fundi akikwambia dakika ishirini we tandika jamvi kabisa ukae.

Hili gauni la kijani nililovaa mliangalie vizuri afu mlisahau kwanza, ntalirudia mwishoni. Kwa sasa jueni tu lilikatwa mara mbili.

Mnamjua yule kijana wa mzani pale karibu na stendi, unampa mia mbili unapanda. Mimi mzani wangu nnao nyumbani, lakini kuna kipindi mwaka huu nilikuwa siuamini, basi asubuhi napima nyumbani kabla ya chai, nikienda kufungua ofisi napanda kwa kijana, jioni nikirudi napanda tena, na nyumbani kabla ya kulala napanda nimevua mpaka hereni. Kilo 94. 94 na nusu. Siku moja 93 na pointi nane nikapiga kelele kama timu yangu imefunga, kesho yake 94 na pointi sita. Ikawa wiki, ikawa mwezi, ikawa miezi mitatu na ushee. Yule kijana mwenyewe ikafika siku akanionea huruma akasema mama leo panda bure.

Wengi wenu mnajua natumia ile sindano ya mara moja kwa wiki, semaglutide, ile mnayoisikia Ozempic, sijaficha. Nilipewa kliniki ya kisukari, nna kisukari aina ya pili mwaka wa sita huu, sikuipata kwa sababu ya sendofu ya mtu. Nilianza nikiwa na kilo 104. Na miezi ya mwanzo jamani ilikuwa kama uchawi, nisiwafiche, maana mimi nimezaliwa na kichwa ambacho kikijua jikoni kuna kitumbua kimebaki basi hakilali, nitashona, nitasali, nitapokea simu, kile kitumbua kinaniita tu. Wiki ya pili ya sindano kitumbua kikanyamaza. Nilikaa nacho nyumba moja siku mbili mpaka kikaota ukungu nikakitupa, nikalia. Ndo nikajua kumbe kuna watu duniani wanaishi hivi siku zote na ndo hao wanaotwambia sisi hatuna adabu ya kula.

Kilo zikawa zinatoka. Mwezi wa kwanza mbili, kukawa na mwezi zilitoka tatu. Watu dukani, fundi umependeza, fundi umekuwa binti. Nikakata gauni. Halafu mzani ukagoma.

Sasa kilichonileta hapa ni hicho kugoma. Kwa sababu nilipoganda mimi, nikagundua humu ndani kuna watu wengine wanne wanachoma sindano kimya kimya, na wote wamenifuata mmoja mmoja wananong'ona swali lile lile, fundi hivi hii dawa imekufa? Imeacha kufanya kazi? Niongeze? Niache? Na mimi kabla sijapata jibu nilishafanya ujinga, ntawaambia.

Nianze na dawa yenyewe inavyofanya kazi, haraka tu. Utumbo wetu ukipata chakula unatoa homoni inaitwa GLP-1, inaenda kuambia kongosho toa insulini, inaambia tumbo usimwage chakula haraka, inaambia ubongo huyu ameshiba. Ile ya asili inadumu dakika chache tu imeisha. Hii ya sindano, semaglutide, imetengenezwa ifanane nayo ila idumu, ndo maana unachoma mara moja kwa wiki. Ile nyingine tirzepatide inagusa homoni mbili. Na mjue dawa ya kwanza ya ukoo huu, iliyoruhusiwa Marekani 2005, ilitokana na kitu kilichopatikana kwenye mate ya sumu ya mjusi mmoja wa jangwani anaitwa Gila. Nilipomwambia mama mkwe akasema ndo maana umekuwa na macho ya mjusi. Basi.

Kwa hiyo dawa inashika njaa. Haichomi mafuta. Hapo ndo wengi tunachanganya, tunadhani ile sindano inaingia mwilini inayeyusha mafuta kama siagi kwenye kikaango, kwa hiyo tukiona hayayeyuki tunasema imekufa. Inachofanya ni kukufanya ule kidogo bila kupigana na nafsi yako, na kwa kuwa unakula kidogo mwili unakula akiba yake. Na mwili, wapendwa, si mjinga. Haujui kama umechoma sindano au umeingia njaa ya mwaka arobaini na saba. Unachoona ni akiba inapungua.

Daktari wangu alinieleza kwa bodaboda. Boda ikibeba abiria wawili na gunia inakunywa mafuta mengi, ukishusha gunia inakunywa kidogo. Mimi wa 104 nilikuwa nachoma zaidi hata nikiwa nimekaa tu kwenye cherehani, mimi wa 94 nachoma kidogo, kwa sababu mzigo wenyewe umepungua. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Kevin Hall, kazi yake miaka mingi imekuwa kupiga hizi hesabu, na makadirio yanayotoka humo ni kwamba kila kilo moja ukiipoteza, matumizi ya mwili kwa siku yanashuka kama kalori 20 hadi 30. Mimi kumi zimetoka, piga hesabu, kama kalori 250. Hivyo ni vijiko vikubwa viwili tu vya mafuta ya kula. Nikasema daktari hicho si kitu. Akasema subiri.

Akasema upande wa pili ni njaa. Kila kilo moja inayotoka, mwili unakuongezea hamu ya kula ya kama kalori 100 kwa siku. Kilo kumi ni kalori 1,000 kila siku ambazo mwili wako unazidai, unazililia. Sasa akaniuliza, we unasikia hiyo njaa? Nikasema hapana, nasikia kidogo kidogo, vitumbua vimeanza kunong'ona tena lakini haviniiti kwa jina. Akanyamaza akaniangalia. Jamani nilikaa pale kwenye kiti cha plastiki cha kliniki ndo nikaelewa. Hiyo njaa ya kalori elfu ipo. Iko mlangoni. Dawa ndo imeshikilia mlango. Mimi naona mzani haushuki nasema dawa imelala, kumbe dawa inafanya kazi kubwa kuliko ile ya mwezi wa kwanza, maana mwezi wa kwanza ilikuwa inamzuia mtoto, sasa hivi inazuia dume la ng'ombe. Pale wanapolingana nguvu, dawa inasukuma huku mwili unasukuma kule, ndo panaitwa 94.

Kuna habari nyingine aliniambia ikanikaa. 1944, vita vya dunia vinakaribia kuisha, Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani walichukua vijana wanaume 36 waliokataa kwenda kupigana kwa ajili ya imani zao, wakajitolea washindishwe njaa kwa utafiti, chini ya mtu anaitwa Ancel Keys. Walikuwa wanalala chini ya majukwaa ya uwanja wa mpira. Miezi sita wanapewa nusu ya chakula, viazi, mkate, makaroni, wakapoteza kama robo ya uzito wao. Na miili yao ikapunguza matumizi vibaya sana, moyo unapiga taratibu, wanasikia baridi wakati wa joto, wanalamba sahani, wengine wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi wanavisoma usiku kama riwaya. Vijana wazima wenye afya, tena wa dini, wenye nidhamu kuliko mimi na wewe. Kwa hiyo mtu akija kukwambia umekwama kwa sababu huna nidhamu, mwambie kasome habari za wale vijana wa uwanjani.

Halafu kuna kulinganisha. Wifi yangu yuko Dubai anatumia tirzepatide, yeye hana kisukari, katoa kilo 21, kila Ijumaa ananitumia picha amevaa jinzi. Mimi 10. Nikawa nalala nawaza, hivi wifi anamcha Mungu kuliko mimi? Daktari akanionyesha. Utafiti mkubwa wa semaglutide uliotoka 2021, watu 1,961 wasio na kisukari, dozi ya juu ya miligramu 2.4, wiki 68, walipungua wastani asilimia 14.9. Utafiti mwingine wa mwaka huo huo, sasa hawa wana kisukari kama mimi, dozi ile ile, wiki zile zile, asilimia 9.6. Na wale wenye kisukari waliochoma miligramu 1 kama mimi, asilimia 7. Sisi wa sukari tunapungua kidogo kuliko wenzetu, ndivyo ilivyo. Na ya wifi, tirzepatide dozi ya juu kabisa kwa wasio na kisukari, ilikaribia asilimia 21. Sasa 10 kwa 104 ni ngapi? Mhasibu wa kikoba yuko hapa. Eeh, tisa na pointi sita. Yaani mimi kwa dozi yangu nimezidi wastani na nilikuwa nalia chooni.

Na kwenye hizo tafiti zote ukiangalia ule mchoro, mstari unashuka unashuka afu unalala. Kwa wote. Kuna wanaolala mapema, kuna wa mwaka na zaidi, lakini hakuna aliyeshuka mpaka akaisha. Ingekuwa haulali tungekufa.

Sasa ujinga wangu. Kabla ya maelezo haya yote, nimeganda wiki ya tano hivi, sikwenda kliniki, niliona aibu, nikaona daktari atasema nimekula. Nikampata mtu mtandaoni anauza peni, ile sindano yenyewe inayokuja kama kalamu, anasema ana dozi kubwa, mali ya nje, bei poa. Jina simtaji na msiniulize. Ikaletwa na boda, ndani ya mfuko wa rambo, saa nane mchana, mwezi wa pili. Mnajua jua la Dar mwezi wa pili. Nikaishika ya moto, kama chupa ya chai. Na mwenzenu nikaichoma. Nikachoma ile, na ya kwangu ya kliniki nilikuwa nimechoma siku mbili kabla.

Nilitapika kuanzia usiku wa Alhamisi mpaka Jumamosi. Gauni la bibi harusi liko mezani halijatiwa zipu. Nikawekewa dripu mbili. Daktari wa zamu akaniuliza ndani ya ile peni kulikuwa na nini, nikasema sijui, na mpaka leo sijui, inawezekana ilikuwa dawa kweli ndo nikawa nimejizidishia, inawezekana ilikuwa kitu kingine kabisa. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari Juni 2024 kuhusu Ozempic bandia, zilikamatwa Brazil, Uingereza, na Marekani. Uingereza! Kama huko zimepenya, we na mfuko wako wa rambo unategemea nini.

Tena hapo nieleze hili la joto vizuri, maana kwetu huku inawezekana dawa yako imekwama kweli na sababu ni Luku. Peni ambayo hujaanza kuitumia inakaa kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8. Isigande. Ikiganda tupa, hata ikiyeyuka ikarudi kuwa maji usiitumie. Ozempic ukishaanza kuitumia inaweza kukaa nje wiki 6 au 8, karatasi yake itakwambia, lakini chini ya nyuzi 30, na nyie nitajieni nyumba ya bati humu ambayo mchana wa mwezi wa kwanza iko chini ya nyuzi 30. Dawa nyingine siku zake ni chache zaidi, soma karatasi yake. Mimi umeme ukikatika nna chupa ya chai pana, ile ya kuhifadhia ugali, natia barafu, natandika taulo nene juu, peni inakaa juu ya taulo isigusane na barafu. Mume wangu anasema hata yeye hajawahi kutunzwa hivyo. Na usiiweke kwenye mlango wa friza wala ukutani kabisa kule nyuma panapoganda mchicha.

Baada ya dripu ndo nikaenda kliniki kwa adabu. Swali la kwanza alilouliza daktari halikuwa umekula nini. Aliuliza umeganda tangu lini. Nikasema wiki kama sita. Akasema hapo bado sihesabu, mwili unashika maji, ukila pilau ya harusi yenye chumvi Jumamosi Jumapili una kilo moja na nusu za maji, ukikaribia siku zako vile vile, choo kisipotoka vile vile, na sindano hii inafunga choo. Akanipiga marufuku kupima kila siku. Mara moja kwa wiki, siku moja, saa moja, nguo zile zile. Ikifika miezi mitatu haijasogea ndo tutasema imekaa.

Ikafika. Haijasogea. Ndo tukaanza kupekua, na hapa wengi mnisikilize maana kuna vitu sikuvitegemea.

Kwanza vidonge vingine. Nilikuwa nakunywa glibenklamaidi ya sukari tangu zamani, alishaipunguza nilipoanza sindano kwa sababu ukichanganya sukari inaweza kushuka mpaka ukadondoka, lakini kile kidonge chenyewe kina tabia ya kuongeza uzito. Sukari yangu, kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, ilikuwa imetoka asilimia 9.1 ikawa 6.8, kwa hiyo akakiondoa kabisa. Kuna dawa nyingi za namna hiyo, prednisoloni, insulini yenyewe, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kwa baadhi ya watu, amitriptilini ile ya usingizi na maumivu, na hata ARV zenye dolutegravir zimehusishwa na kuongezeka uzito. Sasa nisikilizeni kwa makini, sijasema acheni. Mtu asiende nyumbani akaacha ARV kwa sababu fundi cherehani kasema. Nimesema mwambie daktari orodha ya vyote unavyomeza, na vya mitishamba pia, afu yeye ndo apange. Akanipima na tezi la shingo, lilikuwa zima.

Pili, nilichokuwa nakunywa. Chakula nilikuwa nakula kidogo kweli, ugali kama ngumi ya mtoto. Lakini ofisini kwangu kuna juisi. Mteja akija namuagizia juisi na mimi naagiza. Juisi ya miwa, ya embe, ile ya parachichi inayokaa na kijiko katikati. Sindano inazuia tumbo lisimwage chakula haraka, ila juisi ni maji, inapita. Na chai ya maziwa sukari vijiko vitatu mara nne, nikajiambia nimeacha kula. Na mafuta. Sahani ilipungua lakini karai halikupungua, dada wa kazi alikuwa anamwaga mafuta ya kupikia watu saba na tumebaki wanne. Kijiko kimoja kikubwa kalori 120. Siwaambii mle vya kuchemsha maisha yenu yote, mimi mwenyewe mtu wa tui la nazi, nawaambia tu nilipoanza kupima mafuta kwa kijiko badala ya macho, nilikaa chini.

Usingizi. Msimu wa harusi nashona mpaka saa tisa usiku, na saa tisa usiku hakuna mtu anayetamani tembele.

Sasa nije kwenye futi kamba, hapa ndo kwangu. Daktari akaniuliza kiuno chako kimepungua? Nikasema sijui. Akacheka, fundi hujui kiuno chako? Nimepima viuno vya nusu ya Magomeni, changu sikijui, nakijua kilo tu. Nikarudi ofisini nikafunga pazia nikajipima. Kwenye daftari la wateja nilikuwa nimejiandika zamani, kiuno 112. Nikakuta 101. Na mzani ukiwa bado umeganda nikaendelea kujipima, mwisho ikawa 98. Mzani 94 ile ile, kiuno kimetoka sentimita tatu. Mafuta ya tumboni yanatoka na mzani haujui.

Lakini futi kamba inasema na mabaya. Nilijipima paja, limepungua sana, mkono vile vile, na nikakumbuka kwamba siku hizi nikikaa kwenye jamvi kwenye msiba siwezi kunyanyuka bila kumshika mtu bega. Nilidhani uzee. Kumbe kwenye hizi tafiti, katika kilo wanazopoteza watu, kuanzia kama robo mpaka karibu mbili ya tano si mafuta, ni misuli na vitu vingine. Na misuli ndo inayochoma nishati hata ukiwa umelala. Kwa hiyo unakonda, unapoteza misuli, boda inakuwa na injini ndogo zaidi, mzani unaganda mapema, na siku ukinenepa tena yanarudi mafuta, misuli hairudi yenyewe.

Kwa hiyo naanza sahani na kitoweo. Njaa ni ndogo, tumbo linajaa haraka, ukianza na wali hutafika kwenye samaki. Dagaa, mayai, maharage, kuku, mtindi usio na sukari. Mimi nimepewa lengo la gramu 90 za protini kwa siku, na yai moja lina gramu 6 tu, kwa hiyo mnaona ilivyo kazi, sifiki kila siku. Mwenye tatizo la figo asiige, aulize kwanza. Na nanyanyua madumu. Lita tano ya maji ni kilo tano, sina hela ya jimu. Madumu mawili, nakaa kwenye kiti nasimama, nakaa nasimama, mara kumi na mbili, napumzika, narudia, siku tatu kwa wiki. Wanangu wa ofisini wananihesabia kwa kelele mpaka wapita njia wanachungulia. Wiki iliyopita kwenye arobaini ya jirani nilinyanyuka kwenye jamvi peke yangu, hakuna aliyeona, nikatamani nikae tena ili waone.

Kuhusu dozi. Ndiyo, inawezekana daktari akaongeza, Ozempic inafika miligramu 2, na kwa wengine kubadilisha kwenda tirzepatide kunasaidia. Kwangu tulikubaliana tubaki 1, sukari nzuri, presha nzuri, na tumbo langu lile la dripu halijasahau. Wako atakwambia wako. Ila ukipata maumivu makali ya tumbo yanayopenya mpaka mgongoni, au kutapika kusikokoma, usiulize kwenye grupu, nenda hospitali.

Na kuacha. Hapa naomba dada zangu wa sendofu mnisikie, maana mnanijia kupima gauni miezi miwili kabla mnaniambia fundi kata ndogo, nna sindano. Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha semaglutide, theluthi mbili ya uzito waliopoteza ulirudi. Lile dume la ng'ombe niliyesema, ukiondoa mlango linaingia. Mimi nimeshawahi kufungulia mshono bibi harusi aliyerudi fungate. Na mnaopanga kubeba mimba mara tu baada ya ndoa, semaglutide inatakiwa iwe imeachwa angalau miezi miwili kabla, na tirzepatide inapunguza nguvu ya vidonge vya majira hasa mnapoanza na kila mnapoongeza dozi. Mabibi harusi wawili hapa mmetazamana, nimewaona.

Gharama siongelei, kila mtu anajua mfuko wake, ila ukiona utashindwa kuendelea mwambie daktari mapema mpange, usikate kimya kimya.

Kuna jambo dogo nilitaka kuliruka lakini nitalisema. Nilipokuwa nakonda kwa kasi, shangazi alikuja kutoka Tanga akanivuta chumbani akafunga mlango akaniuliza, mwanangu, umepima? Wa umri wangu mnaelewa. Sisi tumekua miaka ambayo mtu akikonda tunahesabu, Uganda ule ugonjwa walikuwa wanauita Slim kabisa. Nikamwambia shangazi nachoma sindano ya sukari, akasema mshukuru Mungu lakini usizidi hapo. Basi nilipoganda 94, wateja wananiuliza fundi mbona umeacha kupungua, na shangazi anapiga simu, mwanangu, naona umetulia, alhamdulillah. Mzani ule ule.

Haya, gauni. Mwezi wa kwanza nililikata kwa vipimo vya mwanamke wa kilo 80. Nilijua kabisa vipimo vyake, nimewashonea wengi. Likakaa kwenye henga, limenakshiwa kola na kila kitu, kila asubuhi linaniangalia. Mwezi wa sita nikalishusha nikalifumua lote. Kitambaa cha akiba sikuwa nacho cha kutosha pembeni kwa hiyo nikaunga kipande cha kitenge kingine hapa ubavuni, mkiangalia vizuri maua hayafuatani. Nikajipima, kifua, kiuno 98, nyonga, nikakata upya kwa ajili ya mtu aliyepo.

Limekaa vizuri isipokuwa huku kwapani linanibana kidogo nikinyoosha mkono. Hilo ni kosa la fundi. Haya, swali la kwanza, yule mama wa pale nyuma.